Saundikadi nzima, kinanda kizima, apdeti moja imefunga studio yangu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki nzima laptopu ilikuwa inanisumbua nisasishe mfumo endeshi. Kila nikiiwasha, ujumbe uleule: usalama, kasi, maboresho. Juzi usiku nikakubali, nikalala. Asubuhi saundikadi yangu, kile kifaa kinachoingiza sauti ya maikrofoni kwenye kompyuta, haitambuliki.

Haijaanguka, haijamwagikiwa maji. Nimeitumia miaka 9 na haijawahi kukwaruza hata siku moja. Ina kitaa mbele ambacho hugeuka kijani kompyuta ikiiona. Siku hiyo kiligoma kwenye wekundu. Nikabadilisha kebo, nikahamisha tundu la USB, nikazima nikawasha. Wakati huo mwimbaji ameshafika, ameshavaa hedifoni, anaigonga maikrofoni kwa ukucha: "Kaka, nasikika?" Hasikiki. Nikamwambia dada nivumilie dakika tano. Zikawa saa mbili. Mwisho akavua hedifoni, akaitundika kwenye stendi taratibu, akaniaga. Alikuwa ameipumzisha sauti yake siku mbili kwa ajili ya wimbo ule.

Nikawaandikia watengenezaji wa saundikadi. Jibu lilikuja kesho yake, mistari mitatu: bidhaa yako haihudumiwi tena, hatutatoa draiva ya mfumo mpya, tunakushauri utazame bidhaa zetu za sasa. Wenye mfumo endeshi nao wananirudisha kwa wenye saundikadi. Kurudi toleo la zamani kwenye mashine yangu ni kufuta diski yote na kusakinisha kila kitu upya, leseni za plagini, zile programu ndogo za sauti, nazo nianze kuziombea upya moja baada ya nyingine.

Kuna watakaosema kifaa kimezeeka. Hapana. Vikuza sauti vyake ni vilevile, na kazi ya kugeuza sauti kuwa tarakimu kinaifanya leo kama kilivyoifanya siku nakitoa kwenye boksi. Kilichokatwa ni draiva, yaani kile kipande cha programu kinachokalimani kati ya kifaa na kompyuta. Draiva nyingi za zamani zilikaa ndani kabisa ya mfumo, kwenye kerneli, na watengenezaji wa mifumo sasa wanazitoa humo. Apple walianza kuwasukuma watengenezaji wa draiva nje ya kerneli mwaka 2019, na kwenye Mac zenye chipu ya M1 na zilizofuata, draiva ya namna hiyo haipandi mpaka uingie hali ya urejeshaji ushushe kiwango cha usalama kwa mkono wako mwenyewe. Windows 11 ina ulinzi wa kumbukumbu ambao ukiwa umewashwa huzigomea draiva za zamani zisizopatana nao. Sababu naielewa: draiva mbovu ikikaa kwenye kerneli inaangusha kompyuta nzima, au inampa mwizi njia.

Ninachokataa ni hiki. Ile laptopu ilikuwa inajua. Saundikadi ilikuwa imechomekwa, draiva yake imesajiliwa kwa jina na namba ya toleo, kila kitu kiko wazi mbele ya mfumo kabla apdeti haijaanza kushuka. Walishindwa nini kuniandikia sentensi moja tu: ukiendelea, kifaa hiki hakitafanya kazi? Walipata nafasi ya kunitangazia emoji mpya na picha mpya za skrini. Hilo hawakupata nafasi.

Na si mara ya kwanza wanamuziki kufanyiwa hivi. Mwaka 2017 iOS 11 iliacha kufungua programu za biti 32, yaani za muundo wa zamani, na sinthesaiza za watu kwenye iPad, zile programu za kutengeneza sauti za ala, zikabaki picha. Oktoba 2019 macOS Catalina ikafanya hivyohivyo kwenye Mac. Catalina hiyohiyo iliondoa iTunes, na ma-DJ ambao programu zao zilisoma orodha za nyimbo kupitia faili la XML la iTunes wakaambiwa wabaki kwanza kwenye Mojave, toleo lililoitangulia. Waliokuwa na saundikadi za FireWire, aina ya tundu na kebo ya zamani, vifaa vilivyorekodi albamu na albamu, walianza kuhangaika na adapta moja juu ya nyingine, halafu macOS Tahoe ya 2025 ikaiondoa FireWire kabisa. Kwenye Linux nyingi ya saundikadi hizo bado zinapiga kazi, kwa hiyo tusidanganyane kwamba haiwezekani.

Kilichoniuma kuliko saundikadi ni nyimbo. Nilifungua projekti ya miaka sita iliyopita, likaja dirisha: plagini 11 hazikupatikana. Kabla ya kiitikio cha mwisho kuna sehemu ya nyuzi niliyoihangaikia usiku tatu, kupunguza hapa, kuvuta pale, mpaka ikawa inapumua pamoja na mwimbaji. Noti zake ninaziona kwenye skrini, vijiti vya bluu vimepangana. Mstari unapita juu yake, kimya. Sinthesaiza iliyozipiga ilikuwa ya biti 32, kampuni yake ilishafungwa, na seva ya kuthibitisha leseni ilizimika nayo. Nilinunua kihalali, namba ya leseni ninayo hadi leo, na haina pa kuithibitisha. Aliyeimba wimbo ule ametangulia mbele ya haki. Siwezi kumwita aje tuurudie.

Mtu akiniambia "usiapdeti tu", namuuliza mpaka lini? Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizo nayo hazikubaliwi na Windows 11 kwa sababu ya masharti ya prosesa na ya TPM 2.0, kipande cha usalama ndani ya kompyuta. Ukinunua mashine mpya inakuja na mfumo mpya, kuushusha mara nyingi haiwezekani. Na kwenye Mac, Apple wameshatangaza kwamba Rosetta 2, ile inayotafsiri programu zilizoandikwa kwa ajili ya Mac za zamani zenye prosesa za Intel, itabaki kama ilivyo hadi macOS 27 tu. Hesabuni plagini zenu za Intel sasa hivi.

Hebu tazama MIDI, ile lugha ya pamoja ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki huongea. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM, kinanda cha Prophet-600 cha Sequential kiliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland, kampuni mbili zinazoshindana, na kibao cha moja kikaipigisha nyingine. Kinanda changu cha zamani cha pini tano bado kinaongea na kifaa kilichotoka mwaka huu. MIDI 2.0 ilipokuja mwaka 2020 iliundwa iishi pamoja na ile ya kwanza. Faili la sauti la WAV limekuwepo tangu 1991 na linafunguka popote. Watu waliketi mezani, wakakubaliana, wakaheshimu walichokubaliana.

Ninachodai si msaada wa milele. Ninyi watengenezaji, mnapoacha kuhudumia kifaa, tangazeni mapema, acheni visakinishi vyote vya zamani pale pale kwenye tovuti, na toeni maelezo ya kiufundi ili wenye uwezo waandike draiva wenyewe. Mnapofunga seva ya leseni, toeni apdeti ya mwisho inayofungua programu bila seva. Na ninyi wa mifumo endeshi, ile sentensi moja ya onyo, iandikeni.

Kwa wenzangu: saundikadi mpya tafuteni inayofuata kiwango cha kawaida cha USB, isiyohitaji draiva yake yenyewe. Na kila wimbo ukiisha, toeni kila traki kuwa WAV siku hiyohiyo, pamoja na faili la MIDI. Mimi sikufanya.

Sasa hivi nimeitoa laptopu yangu ya zamani. Kioo kina ufa, betri imekufa, inaishi kwenye chaja. Intaneti nimeizima isije ikajishushia kitu. Nafungua projekti moja moja na kutoa traki. Ziko 64, nimemaliza 17, na mbili kati ya hizo zilikuja na sauti pungufu. Ile ya nyuzi haimo, kwa sababu sinthesaiza yake haikuwahi kuwekwa kwenye mashine hii.

Mwenye kujua njia halali ya kuamsha leseni ya kampuni iliyofungwa, aandike hapa chini. Na kama mmepigwa na apdeti kama mimi, tajeni aina ya kifaa na toleo la mfumo, ili mwingine asome kabla hajabonyeza kile kitufe.