Wahusika watano bora wa The Lord of the Rings: kwangu Théoden ndiye wa kwanza, wewe unasemaje?

Fundi_Redio ameuliza:

Wakuu, salaam.

Sikukuu hii nimezirudia muvi zote tatu, ya 2001, ya 2002 na ya 2003, tena kwa toleo refu, lile ambalo sehemu ya tatu peke yake inapita saa nne. Naomba mnipe wahusika wenu watano kwa mpangilio, na sababu. Sababu ndiyo ninayoitaka zaidi, maana majina matupu kila mtu anayo.

Mimi naanza. Kipimo changu ni kimoja tu: huyu mtu alifanya nini alipokwisha kujua kwamba huenda anashindwa? Kupigana vizuri hakumo, wala sura. Ndiyo maana namba moja wangu ni Théoden, mfalme wa Rohan.

Mtazameni anavyoletwa kwetu sehemu ya pili. Mzee amekauka kitini, macho yameingia ukungu, mchawi mbaya Saruman anamtawala kutoka mbali na Gríma, mshauri wake msaliti, yuko pembeni anamjaza maneno sikioni. Mchawi mwema Gandalf anamtoa Saruman, uso unaanza kurudi ujana, halafu linakuja jambo dogo ninalolipenda kuliko vita vyote vya muvi hizi. Gandalf anamwambia vidole vyake vitakumbuka nguvu zake za zamani vikishika upanga. Analetewa upanga wake. Mkono unatetemeka ukiusogelea, vidole vinagusa mpini, vinajifunga taratibu, kisha anauchomoa na kuutazama kwa muda mrefu. Akishamtimua Gríma, anauliza mwanawe yuko wapi. Mwanawe ameshafariki. Mtu ndiyo kwanza amezinduka, na kilichomsubiri ni msiba.

Pale makaburini anasimama na kiua cheupe mkononi, anamwambia Gandalf kwamba si haki mzazi amzike mtoto wake, kisha analia. Hakuna muziki wa kishindo, hakuna hotuba.

Sasa njooni sehemu ya tatu. Gondor, nchi jirani, haikuja alipozingirwa kwenye ngome ya Helm's Deep. Kwa hiyo anauliza waziwazi, kwa nini twende kwa watu ambao hawakuja kwetu? Swali la haki kabisa. Yeyote aliyewahi kuchangia msiba wa jirani, na jirani asionekane kwenye wake, analijua swali hilo. Halafu mioto ya ishara inawashwa kilele kwa kilele, Aragorn, mrithi wa ufalme wa Gondor, anaingia ukumbini mbio, anasema Gondor inaomba msaada. Kamera inabaki kwa Théoden. Ukumbi mzima kimya. Bernard Hill hafanyi kitu kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde zile unamwona anapima deni lote la nyuma na kuliacha. Kisha anajibu kwa maneno machache kwamba Rohan itakwenda.

Kambini anapata mikuki elfu sita, chini ya nusu ya aliyoitarajia. Msaidizi wake anamwambia kwamba jeshi la Mordor, nchi ya adui Sauron, hawaliwezi. Théoden anakubali, ni kweli hawaliwezi, ila watakwenda kupambana nalo hivyo hivyo. Kipimo changu nimekitoa hapo.

Wa pili ni Sam, hobiti (wale watu wafupi) anayemsindikiza mwenzake Frodo kwenda kuiharibu pete ya Sauron. Sean Astin alimcheza bila kumfanya mtakatifu: ana wivu, ana hasira, Gollum, kiumbe aliyewahi kuwa na pete, anamkera mpaka anakuwa mkali kupita kiasi. Lakini kumbukeni anachokifanya anapomwokoa Frodo kwenye mnara alikofungwa na maorki. Pete anayo yeye. Anamnyooshea Frodo, mkono unasita kidogo, kisha anaitoa. Katika hadithi ambayo wafalme na wachawi wanaiogopa pete hata kuigusa, mtunza bustani anaibeba na kuirudisha. Tolkien, mwandishi wa kitabu, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892 na kupigana Somme mwaka 1916 kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, alisema mwenyewe kwamba Sam ametokana na askari wa kawaida aliowajua kwenye vita ile. Mimi naliamini hilo kila nikimwona anapanda mlima na mwenzake mgongoni.

Wa tatu Boromir, shujaa wa Gondor, wa nne Gollum wa Andy Serkis (ile sehemu anayobishana na nafsi yake mwenyewe usiku ingetosha kumpa tuzo, na hata kuteuliwa Oscar hakuteuliwa). Wa tano Gandalf. Najua wengi mnamweka juu zaidi, lakini Gandalf alikufa akarudishwa akiwa na nguvu kuliko mwanzo. Wenzake hawakuwa na bahati hiyo.

Karibuni.

Mpiga_Mishale amejibu:

Legolas, yule mpiga mishale, namba moja, wakuu. Sehemu ya tatu anampanda yule tembo wa vita, anawamaliza waliokuwa juu, anamwangusha mnyama mwenyewe na kuteleza chini kwa mkonga. Nilikuwa darasa la sita, mtaa mzima tulitengeneza pinde za matawi ya mpera. Mtu aliyekufanya utoke nje ukacheze namna hiyo huwezi kumtoa kwenye tano bora. Baada yake Gimli, maana bila Gimli Legolas hana wa kushindana naye kuhesabu maadui waliowaua.

Binti_Mkwakwani amejibu:

Fundi, shikamoo kwa uchambuzi, ila nina ugomvi na wewe. Umeandika aya zote hizo kuhusu Rohan, na Éowyn, mpwa wa Théoden, umempitia kimya kana kwamba hakuwepo ndani ya nyumba ile.

Wakati mjomba wake amekauka kitini, nani alikuwa anaibeba nyumba? Éowyn. Binamu yake yuko kitandani anakata roho, Gríma anamvizia humo humo chumbani. Kaka yake Éomer amefukuzwa nchini. Wanaume wote ama wanakufa ama wameondoka, yeye amebaki na mzee asiyejua hata kwamba mwanawe anaumwa. Halafu Aragorn anamuuliza anaogopa nini, na hajibu kifo wala maumivu. Anaogopa kufungiwa, akae nyuma ya vyuma mpaka azeeke na hamu ya kufanya jambo kubwa iishe yenyewe. Mimi nililelewa kwenye nyumba ambayo kaka zangu walisafiri na mimi nikabaki kuuguza bibi. Nilimpenda bibi yangu, na bado nilimwelewa Éowyn kwa kila neno.

Uwanjani sasa. Ule mnyama unaoruka umemnyakua farasi wa Théoden na kumtupa, mfalme amelaliwa na farasi wake. Wanajeshi wamekimbia. Anayesimama kati ya mnyama na mfalme ni Éowyn, na mikono inamtetemeka, angalieni vizuri, anaogopa kweli. Anakata kichwa cha yule mnyama. Mpanda mnyama huyo, mfalme mchawi wa Mordor, anashuka na rungu lake la mnyororo, pigo la kwanza anakwepa, pigo jingine linavunja ngao na mkono wenyewe. Hapo ndipo hobiti Merry anamchoma yule mchawi nyuma ya goti, na Éowyn anavua kofia ya chuma na kumaliza kazi.

Kwa kipimo chako mwenyewe, aliyejua kwamba anashindwa ni nani zaidi ya huyu? Théoden alikwenda na elfu sita nyuma yake. Éowyn alikuwa na hobiti mmoja.

Na jambo moja nililifurahia sana kulijua: wengi wa wapanda farasi wa Rohan mnaowaona kwenye muvi walikuwa wanawake waliobandikwa ndevu, kwa sababu wapanda farasi wazuri waliopatikana kule New Zealand wengi walikuwa wanawake. Kwa hiyo Éowyn hakuwa peke yake aliyejificha kwenye lile jeshi.

Zangu: Éowyn, Sam, Galadriel, Théoden, Faramir.

Mwalimu_wa_Zamu amejibu:

Habari za jioni, wadau. Mimi namtetea Boromir, na sitaki awe wa tatu.

Sehemu ya kwanza niliionea kibanda umiza, imetafsiriwa, DJ anaongea juu ya sauti mwanzo mwisho. Pale kibandani sheria inajulikana, steringi hafi. Boromir ana mwili wa steringi, upanga wa steringi, ngao, pembe ya vita. Mshale wa kwanza ukampata, watu wakasema atainuka. Akainuka. Wa pili, akapiga magoti, akainuka tena na kuendelea kukata maorki. Wa tatu, kibanda kikanyamaza na DJ naye akanyamaza, na sijawahi kumsikia mtafsiri akinyamaza tena mahali popote.

Watu wanamkumbuka kwa kutaka kumpora Frodo pete. Mimi nawaomba warudi nyuma kidogo. Nani anawafundisha Merry na Pippin kutumia upanga, mpaka wanamwangusha na anacheka nao chini? Boromir. Wakitoka migodini Moria, Gandalf ameanguka, mahobiti wanalia juu ya mawe, nani anamwomba Aragorn awape nafasi walau kidogo? Ni huyo huyo. Na walioona toleo refu la sehemu ya pili wanajua baba yake ndiye aliyemtuma akailete pete. Hakutaka kwenda. Alibebeshwa tamaa ya baba, akaambiwa ndiyo wajibu wake kwa nchi.

Alidondoka mara moja, na ndani ya saa hiyo hiyo akawafia wale wadogo wawili aliowafundisha upanga. Sean Bean anakiri kwa Aragorn kwamba alijaribu kuichukua pete, na anakiri akiwa na mishale mitatu kifuani, wala hatafuti kisingizio hata kimoja. Mimi nafundisha vijana, kila mwaka kuna mmoja wa aina ya Boromir darasani, amesukumwa na nyumbani mpaka anakosea. Siwezi kumpa nafasi ya tatu.

Wengine sina haraka nao. Sam wa pili, basi.

Kasuku_wa_Bandarini amejibu:

Jamani, Aragorn! Thread nzima hakuna aliyemtaja kama mtu, anatajwa kama mpiga mbio wa kuleta taarifa ukumbini.

Viggo Mortensen aliletwa upigaji picha ukiwa umeshaanza, kuchukua nafasi ya mwigizaji mwingine, na ukitazama huwezi kujua. Sehemu ya pili anapodhani Merry na Pippin wameungua, anapiga teke kofia ya chuma na kupiga yowe. Alivunjika vidole vya mguu pale, yowe lile ni maumivu ya kweli, na likabaki kwenye muvi. Fundi, unataka kipimo cha kwenda ukijua unashindwa? Lango Jeusi. Anapeleka jeshi dogo mbele ya Mordor nzima ili jicho la Sauron limtazame yeye, Frodo apite. Hajui hata kama Frodo yu hai. Anawageukia wenzake, anamtaja Frodo kwa sauti ya chini, na anatangulia kukimbia peke yake.

Aragorn, Gandalf, Sam, Éowyn, Théoden. Kwa mpangilio huo.

Fundi_Redio amejibu:

Asanteni, hiki ndicho nilichokitaka.

Binti, marahaba. Hoja yako ya elfu sita dhidi ya hobiti mmoja imenikaa. Éowyn anaingia kwangu nafasi ya nne, Gollum anashuka ya tano, na Gandalf anatoka. Ila Théoden simshushi, na sababu yangu inatoka kwa Éowyn huyo huyo. Amelaliwa na farasi, mwili umevunjika, Éowyn anamwambia atamwokoa. Anamjibu kwamba ameshamwokoa tayari. Mzee yule aliyekuwa kitini hakuwa hata anamtambua binti huyu. Sasa anakufa akimtazama usoni, na anasema anakwenda kwa baba zake bila kuona aibu mbele yao. Kwenye kitabu hakujua kabisa kwamba Éowyn yuko pale. Anaagana na Merry, na maneno yake ya mwisho anamwambia Éomer. Peter Jackson na wenzake waliamua kuwapa watu hawa wawili dakika moja ya kuagana, na kwa maoni yangu ni badiliko bora kuliko yote waliyoyafanya. Badiliko lao baya ni lile la Frodo kumfukuza Sam kwenye ngazi za Cirith Ungol kwa sababu ya mkate. Kwenye kitabu wanaingia pangoni pamoja, na Sam hastahili kuzushiwa ule wizi.

Bernard Hill alifariki Mei 2024. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha kwenye Titanic pia, kwa hiyo alikuwemo kwenye filamu mbili zilizobeba Oscar 11 kila moja. Watu walimwandika sana kama nahodha. Mimi namtaka akumbukwe kwa zile sekunde za kimya ukumbini.

Mwalimu, kuhusu Boromir na baba yake: hapo umenigusa, na ndiyo maana nakuuliza, mbona mdogo wake Faramir humtaji? Baba ni yule yule, na yeye alipewa kibaya zaidi. Aliambiwa usoni kwamba ingekuwa heri angekufa yeye, kaka yake abaki. Anapanda farasi kwenda Osgiliath huku baba yake Denethor anatafuna nyanya, maji mekundu yanamchuruzika kidevuni, na Pippin anaimbishwa. Wimbo ule sauti yake aliitunga Billy Boyd mwenyewe. Ukiniambia Boromir yuko juu ya Faramir nitakusikiliza, lakini nataka sababu.

Kasuku, Lango Jeusi nakupa. Aragorn anakuwa wa sita kwangu, na nafasi hiyo nimeifungua kwa ajili yake tu.