Fundi wa nakshi asiyeinama atachonga na nini?

FundiMkomani
Asalaam aleykum jamaa. Mimi ni fundi wa milango hapa Lamu, umri miaka 46. Kazi naifanya nimekaa chini, ubao wa mbambakofi umelala mbele yangu, patasi mkono wa kushoto, nyundo wa kulia. Ukinipita saa tatu asubuhi na ukarudi adhuhuri, utanikuta nimeinama vilevile.

Kiuno kinaniuma mwaka wa nne huu. Kikikaza, hata kufunga kikoi nashika ukuta. Nimepigwa chuku, nimechuliwa, nimemeza diklofenaki hadi tumbo likawaka moto. Mwaka jana nikavuka bara kupigwa picha, nikaambiwa pingili mbili za chini zimesagika, nisiiname wala nisibebe kitu. Wallahi, tangu siku ile ndipo nilipoharibika! Patasi ikianguka, mwanangu ndiye aniokoteaye. Hata kuswali naswali kwenye kiti. Nifanyeje?

BiUkili
Pole sana fundi. Mimi nasuka mikeka, naijua hiyo kukaa. Kilichonisaidia ni kimoja tu: nikimaliza pima moja ya ukili, nainuka. Hata kama chai haijaiva, nakwenda kuitazama.

Baharia_62
Sisi twavuta tanga tangu utotoni na hatujui picha. Punguza kukaa.

ViungoMalindi
Baharia, mwache mwenzio, anaumwa kweli.

Fundi, kazi yangu ni mazoezi ya tiba. Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu, na hapo mara nyingi ukali wake haulingani tena na hali ya pingili. Wapige picha watu wa umri wako wasioumwa popote, wengi utakuta pingili zimesagika vivyo hivyo. Wewe unaijua milango ya zamani: imepasuka kwa jua na bado inafunga na kufungua.

Kinachokuumiza zaidi ni mishipa ya fahamu iliyotishika. Punda aliyechapwa sana, ukiinua mkono kujikuna tu, yeye keshakurupuka. Kiuno chako kimefika hapo. Ukikilinda kwa kutokitumia, ndivyo kinavyozidi kukurupuka. Kizoeshe kidogo kidogo.

Anza hivi. Upe ukuta mgongo, uwe mbali nao shubiri moja. Legeza magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, kifua kikishuka chenyewe. Umeinama kwa nyonga, ambayo ni kiungo kikubwa chenye misuli minene. Ukishaguswa na ukuta mara kadhaa, sogea mbele kidogo. Na wewe unaswali: rukuu ndiyo harakati hiyohiyo! Kiti kimekunyima dawa mara tano kwa siku. Siku nyingine mgongo uinamishe upendavyo, haukuumbwa uwe mfaa, ule mti wa katikati ya mlango.

Vidonge hivyo usimeze kila siku bila daktari, vyaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Na ukiona ganzi katikati ya mapaja, mkojo kukataa au kutoka wenyewe, au mguu kulegea, usingoje kujibiwa hapa. Hospitali siku hiyohiyo.

Kazi nayo iinue, iweke juu ya meza.

FundiMkomani
Shukrani. Meza hapana, nyundo yangu yataka ubao uliolala chini, babu alichonga hivyo. Ila nimepata njia: nakalia mbuzi ya kukunia nazi, meno nimeyafunga kitambaa. Nyonga zimepanda, kiuno hakijikunji kama zamani.

Zoezi la ukuta siku ya kwanza nilipiga magoti mbele badala ya makalio nyuma, mwanangu akacheka mpaka akakaa chini. Sasa ni wiki ya tatu. Ya Bi Ukili nayo nimeichukua: nikimaliza ua moja la nakshi nainuka, nakwenda hadi mlangoni. Kinauma bado, lakini juzi patasi ilianguka nikaiokota mwenyewe kabla sijakumbuka kuogopa.

Alasiri ya jana nimeswali bila kiti. Kusujudu nashuka polepole, mkono gotini.

Tatizo lililobaki ni mke wangu. Ataka mbuzi yake.