Pambo la Krismasi la 2016 nimelikuta Mlango Mmoja, je lina thamani? Na picha za kutengenezea mapambo mnatoa wapi?

mama_kirumba
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Nina maswali mawili ila yanaendana kwa hiyo nayamwaga hapa hapa msinichoke. Juzi nilikuwa soko la mitumba la Mlango Mmoja hapa Mwanza nachagua nguo za watoto, yule kaka akafungua mfuko wa vikorokoro vinavyokujaga na balo la midoli, nikaona kitu kinang'aa. Kumbe ni pambo la kuning'iniza kwenye mti wa Krismasi, bati jembamba la rangi ya dhahabu lenye nyekundu nyekundu, umbo la gari la zimamoto la kizamani limebeba mti na zawadi, lina jina la White House na mwaka 2016. Kamba imekatika, boksi hamna. Nimelichukua kwa buku mbili na kaka wa watu akaona kanipiga. Sasa baba watoto ananiambia hiyo ni mali, imetoka ikulu ya Marekani, nifungie kabatini nitakuja kuuza kwa dola. Mimi naona pambo tu. Kuna anayevijua hivi vitu? Na kwa nini zimamoto, zimamoto na Krismasi wapi na wapi?

La pili, akina mama wa jumuiya yetu tunataka Disemba tutengeneze mapambo yetu wenyewe tuuze pale nje baada ya misa, yawe yameandikwa mwaka, ili mtu akichukua la mwaka huu mwakani arudi kuchukua jingine. Shida ni picha. Kijana wa steshenari ananitolea Google tu, nyingine zina maandishi ya wenyewe katikati, nyingine ukikuza kidogo zinakuwa madoa madoa. Picha za Krismasi za kuprinti, na zile za mistari za watoto kupaka rangi, mnazipata wapi bila kugombana na sheria na bila kumaliza bando?

Mzee_wa_Capri
Marahaba mama. Umeokota kitu kizuri ila mwambie shemeji apunguze spidi kidogo.

Hayo mapambo hayatolewi na ikulu yenyewe, yanatolewa na White House Historical Association, chama alichokianzisha Jacqueline Kennedy mwaka 1961 kwa ajili ya kutunza historia ya lile jengo. Walianza kutoa pambo la kila mwaka 1981, na kwa miaka mingi wamekuwa wakipita rais mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Herbert Hoover. Na zimamoto ni hivi: mkesha wa Krismasi 1929 Hoover na mkewe walikuwa na pati ya watoto wa wasaidizi wake, moto ukawaka kwenye ofisi za upande wa magharibi, rais akatoka kwenda kuangalia wanaokoa makaratasi, huku ndani bendi inaendelea kupiga ili watoto wasishtuke. Krismasi iliyofuata wale watoto walipewa midoli ya magari ya zimamoto kama ukumbusho. Ndiyo hilo gari lako.

Thamani sasa. Yanatengenezwa na kampuni ya ChemArt huko Lincoln, Rhode Island, ni shaba nyembamba iliyochovywa dhahabu. Kuchovywa, si dhahabu yenyewe. Yanauzwa kwa wingi mno, jipya lilikuwa dola ishirini na kitu, na lako halina boksi wala kile kijitabu cha kuelezea hiyo hadithi, kwa hiyo mkusanyaji wa kule atakupa bei ya chini au atakupita kabisa. Ukijumlisha na posta ya kutuma huko ughaibuni unabaki na deni. Litundike kwenye mti wako ufurahi.

Kitu kimoja tu nakuomba, USILISUGUE NA BRASO. Najua mkono unawasha ukiona shaba imefifia, lakini ile dhahabu juu ni utando mwembamba sana, ukisugua inaondoka unabaki na bati la njano lisilo na mwenyewe. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Na hapa kwetu karibu na ziwa unyevu ni mwingi, lifunge kwenye tishu uliweke ndani ya kopo lenye mfuniko, usiliache wazi dirishani mpaka Disemba nyingine.

ngosha_halisi
Mimi nilivyosoma ikulu nikajua Chamwino nikaanza kuulizia nauli 😂

dada_nyegezi
Mzee wa Capri kamaliza kwenye la kwanza, mimi niongezee kuhusu hili wazo la jumuiya maana nimekaa na dada mmoja mwajiri wangu wa zamani ambaye alikuwa anakusanya haya makitu kufa na kupona, nyumba nzima kabati za vioo.

Nilichokiona kwake ni kwamba watu hawakusanyi pambo, wanakusanya MFULULIZO. Mtu ana la 2011, 2012, 2013, akikosa la 2014 halali. Wenzetu wameshtukia hilo zamani. Kule Denmark kampuni ya Bing & Grøndahl ilitoa sahani ya kwanza ya Krismasi mwaka 1895, ikawa kila mwaka sahani mpya yenye mwaka wake, na mwaka ukiisha kalibu inavunjwa, hakuna kurudia. Royal Copenhagen nao wakaingia 1908. Hallmark wa Marekani, wale wa makadi, walianza mapambo yao ya Keepsake 1973 na aina 18 tu, leo hii kuna watu wanafungua boksi kwa kisu kidogo taratibu ili boksi lisichanike, maana bila boksi bei inashuka vibaya. Tena boksi lenyewe lisiwe na stika ya bei iliyobanduliwa ikaacha alama!

Kwa hiyo mama ukitaka watu warudi mwakani kuna vitu vitatu vya kushika. Mwaka uandikwe kwenye pambo lenyewe, si kwenye karatasi ya pembeni. Saizi isibadilike, kama la kwanza ni duara la sentimita 7 basi yote yawe 7 miaka yote, yakikaa pamoja yaonekane ndugu. Na msirudie picha. Hata kama limeisha na watu wanalia, mwaka ukipita umepita. Hapo ndipo mtakapogombana na akina mama wenzako najua, maana kuna mtu atasema yale ya mwaka jana yalitoka sana tutengeneze tena. Mkikubali tu, kwisha habari, anayekusanya hana sababu ya kununua mapema.

Na kila pambo liwe na kikaratasi kidogo, mistari minne mitano, picha hii ni ya nini. Ona Mzee wa Capri alivyotusimulia ya zimamoto, hapo ndipo lile bati limeanza kuwa na maana kwa mama Kirumba.

mama_kirumba
Jamani wabeja sana. Braso nilikuwa nimeshaitoa kabatini wallah nimeirudisha. Dada wa Nyegezi hilo la kutorudia umenisoma, yupo mmoja hapa kwetu namjua kabisa atakayesema hivyo. Sasa picha wakuu, picha.

fundi_leza_pambaroad
Picha njoo kwangu mama, hii ndiyo kazi yangu. Nitaandika ndefu kidogo vumilia.

Kwanza acha kabisa kuchukua picha Pinterest. Pinterest haina picha zake, ni watu wamebandika vya watu, wewe unaona imekaa bure kumbe mchoraji yupo hai anauza. Vivyo hivyo katuni za Disney usiguse, hata kama duka zima la jirani limezichora ukutani. Ukiwa unauza ni habari nyingine, si sawa na kutundika sebuleni kwako.

Zilizo salama ni za zamani ambazo hakimiliki imekwisha. Kwa Marekani kitu kilichochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita kiko huru, na bahati nzuri kadi za Krismasi za kizamani ndizo nzuri kuliko hizi za leo. Maktaba ya umma ya New York mwaka 2016 walifungua picha zaidi ya 180,000 unadaunlodi kwa saizi kubwa bila kuomba ruhusa. Jumba la makumbusho la Metropolitan hapo hapo New York nao 2017 wakaachia zao ambazo hakimiliki imekwisha kwa leseni ya CC0, maana yake tumia, uza, kata, paka rangi, hakuna wa kukuuliza. Smithsonian wakafuata 2020. Wikimedia Commons nayo imejaa, ila kule soma leseni chini ya kila picha: ukiona CC0 au public domain endelea, ukiona BY taja jina la mwenye picha kwenye kile kikaratasi chenu, na kwenye saiti nyingine ukiona NC hiyo si ya biashara achana nayo. Andika maneno ya kutafuta kwa kiingereza, christmas card, angel, holly (yale majani ya miiba ya Krismasi ya wazungu), nativity, ukiandika kiswahili hupati kitu. Mtafute pia Louis Prang, alikuwa mchapaji wa Boston, kadi zake za miaka ya 1870 na 1880 maua yake utafikiri unayanusa.

Halafu tahadhari kwa vile ni ya kanisani. Kadi ya kwanza kabisa ya Krismasi kuchapishwa kwa biashara, ya Henry Cole wa London mwaka 1843, ukiikuta utaona familia imekaa mezani imependeza, utaipenda, lakini angalia vizuri mbele pale kuna mtoto mdogo ananyweshwa mvinyo. Hata wakati huo watu waliilalamikia. Msije mkaiuza mlangoni kwa paroko.

Madoa madoa yanatokana na picha ndogo. Hesabu yake rahisi, pambo la sentimita 7 linataka picha yenye pikseli kama 830 kila upande ili litoke safi, sasa kile kipicha unachokiona kwenye matokeo ya Google mara nyingi hakifiki hapo hata kidogo. Fungua saiti yenyewe, bonyeza saizi kubwa. Bando likikubana njoo na majina ya picha umeandika kwenye karatasi, mimi natoa kwa waifai ya ofisi.

Na uliza kabla ya kuprinti, printa ni ya wino au ya leza? Ya wino ukipitisha gundi au vanishi juu rangi inatembea yote, malaika anabaki na ndevu. Leza haitoki. Kama mnataka picha iingie kwenye mbao yenyewe: printi kwa leza karatasi ya kawaida, picha IGEUZWE kinyume kwanza la sivyo 2025 itasomeka kama kiarabu, paka gundi nyeupe ya mbao kwenye kipande, lalia picha uso chini, toa mapovu na kadi ya simu, acha ikauke hadi kesho yake. Kesho lowesha karatasi kwa sponji, sugua na kidole taratibu, karatasi inatoka vinyweleo vinyweleo na picha inabaki kwenye mbao. Mbao ikionekana kama ina ukungu mweupe si mbaya, ni nyuzi za karatasi zimebaki, rudia kulowesha. Mwisho vanishi mara mbili.

mtu_wa_nansio
Swali la kijinga, kwa nini tuchukue malaika wa Boston wakati tuna vya kwetu? Mwaka wa kwanza wekeni daraja la Kigongo–Busisi, limezinduliwa Juni 2025, kilomita 3, hilo ndilo ukumbusho. Mwaka wa pili jiwe la Bismarck, lile la hapa ziwani Mwanza. Wa tatu meli ya MV Victoria, imo ziwani tangu 1961. Unapiga picha mwenyewe, ni yako, hiyo hakimiliki itoke wapi tena. Ya watoto kupaka rangi unaibandika kwenye kioo cha dirisha mchana, unaweka karatasi juu unafuata mistari na penseli, basi. Na maua ya mkrismasi yakichanua mnayazungushia pembeni badala ya hiyo holly ambayo hakuna aliyewahi kuiona Mwanza.

omukazi_bk
Naunga mkono, ila kwenye meli naomba mwangalie. MV Victoria sawa. Asije tu mtu mwaka fulani akaleta wazo la MV Bukoba eti nayo ni historia ya ziwa. Ilizama tarehe 21 Mei 1996, na huku kwetu kuna nyumba hazijasahau mpaka leo. Ule msiba una misa yake na mahali pake, kwenye mti wa Krismasi hapana.

mtu_wa_nansio
Umenena dada, haipo kwenye listi na haitakuwepo.

dada_nyegezi
Halafu magamba ya sangara! Pale mwaloni Kirumba wanayatupa. Loweka na sabuni na chumvi, osha mpaka harufu iishe, toboa tundu na sindano yakiwa bado laini maana yakikauka yanapasuka, kausha kivulini ukiwa umeyabana katikati ya karatasi na kitu kizito juu, ukiacha hivi hivi yanajikunja. Yanaingia rangi ya mikeka vizuri tu. Ukizungushia kwenye lile duara la mbao yanakuwa kama mabawa.

mama_kirumba
Haya nimeamua daraja. Magamba nitajaribu nyumbani kwangu kwanza, nikileta harufu jumuiyani nitafukuzwa uweka hazina. Fundi wa Pamba Road vipande 60 vya duara sentimita 7 na tundu la kamba, plaiwudi ya mm 3, unanifanyia bei gani?

fundi_leza_pambaroad
Kwa jumuiya tutaelewana. Ila njoo kabla ya katikati ya Novemba, baada ya hapo mashine inakuwa ya makadi ya harusi na send-off tu. Na picha ya daraja ipige asubuhi, mchana jua linaunguza nguzo zote zinakuwa nyeupe.

ngosha_halisi
Nipo Misungwi, alfajiri napita pale kila siku na pikipiki. Nipeni hela ya juisi naleta picha kumi.