Wanalinda kuta, wanafukuza watu: mtaa wa hifadhi unakabidhiwa maduka ya matawi na sisi wakazi tunaambiwa tushukuru

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Naomba msome mpaka mwisho, maana jambo hili likipita kwetu litapita na kwenu.

Mtaa tunaoishi ni eneo la hifadhi kisheria. Kwa miaka mingi masharti ya hifadhi yametubana sisi wakazi. Dirisha la mbao likioza, huruhusiwi kuweka la alumini. Rangi ya ukuta wa mbele sharti iidhinishwe. Ukitaka kuongeza chumba uani, unachora ramani, unaandika barua, unasubiri majibu hadi unakata tamaa. Tulivumilia kwa sababu tuliamini kwamba sheria inayotubana sisi ndiyo itakayombana mwenye fedha nyingi siku atakapofika. Sasa amefika, na sheria imempisha.

Safu nzima ya nyumba zinazopakana, fremu za biashara chini na makazi juu, imenunuliwa na kampuni moja. Kuta za mbele zitabaki. Nyuma yake kila kitu kinabomolewa: ngazi, sakafu za mbao, kuta za kati, ua, paa. Fremu zote zinavunjwa ziwe ukumbi mmoja, na ukumbi huo tayari una mpangaji, kampuni yenye matawi katika kila mji. Juu patakuwa na vyumba vya wageni wa kulala siku mbili tatu. Waliokuwa wakiishi pale wameshapewa notisi ya kuhama, na fundi saa, fundi viatu na muuza vitabu nao wamepewa yao. Halafu kwenye fomu ya maombi wameandika kwamba huu ni mradi wa uhifadhi na uboreshaji.

Ukuta uliosimamishwa kwa vyuma huku nyumba yake imebomolewa si nyumba iliyohifadhiwa. Ni ngozi iliyochunwa na kuvishwa mnyama mwingine. Nyumba ya kale ni mpango wake wa ndani: upana wa chumba uliotokana na urefu wa boriti, ngazi inayopanda pembeni ili fremu ipate nafasi, ua unaoingiza mwanga na hewa mpaka chumba cha nyuma. Ukishaondoa hayo, kilichobaki mbele ni picha tu.

Na hata hiyo picha haitadumu, kwa sababu ya jinsi wanavyojenga. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu: maji yakiingia ukutani, hutoka tena kama mvuke. Ukiupiga ukuta huo plasta ya saruji, unaufungia maji ndani. Chumvi inapanda, mawe au matofali yanaanza kumeguka nyuma ya plasta bila mtu kuona, na siku plasta inapodondoka inaondoka na uso wa ukuta. Mafundi wa majengo ya kale wamelisema hili kwa miongo mingi. Nimeisoma michoro ya mradi ukurasa kwa ukurasa: saruji nje, jasi ndani, viyoyozi vinavyoning'inia upande wa kichochoro. Hakuna mahali palipotajwa chokaa.

Sasa nifike kwenye kiini cha hasira yangu. Sheria za hifadhi katika nchi nyingi zimeandikwa kulinda sura. Uingereza ilianzisha maeneo ya hifadhi kwa sheria ya mwaka 1967, na mji wa Stamford ukawa wa kwanza kutangazwa mwaka huohuo. Leo England peke yake ina maeneo kama hayo yapatayo 10,000. Sheria ya huko inamtaka afisa ajiulize kama mabadiliko yanalinda au kuboresha haiba au mwonekano wa eneo. Ni swali zuri, lakini haliulizi nani anaendesha duka lililo nyuma ya mwonekano huo. Tena tangu Septemba 2020, England imeweka maduka, migahawa, ofisi na kumbi za mazoezi katika kundi moja la matumizi, kwa hiyo fremu inaweza kutoka matumizi moja kwenda mengine ndani ya kundi hilo bila kuomba kibali cha kubadili matumizi. Jengo linalindwa, maisha yaliyomo ndani yake hayana mlinzi.

Matokeo yake yanajulikana. Covent Garden, katikati ya London, ilikuwa ibomolewe sehemu kubwa mwishoni mwa miaka ya 1960 ili kupisha barabara, hoteli na ofisi. Wakazi wakajipanga, wakapigana, na mwaka 1973 serikali ikayaweka majengo zaidi ya 200 kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Ule mpango ukafa. Ulikuwa ushindi mkubwa, na walioupigania wanastahili heshima. Lakini soko la matunda na mboga lililokuwa pale lilihamishiwa Nine Elms, sehemu nyingine ya London, mwaka 1974, na leo ukitembea kwenye uwanja ule unakutana na majina ya kampuni kubwa zilezile zinazopatikana katika kila mji tajiri duniani. Mawe yaliokolewa. Wachuuzi na wapagazi walioyapa mawe yale sababu ya kuwapo hawako tena.

New York ni vivyo hivyo. Mwaka 1961 jiji lilitaka kuitangaza West Village, sehemu ya mtaa wa Greenwich Village, kuwa eneo la kubomolewa na kujengwa upya. Mwandishi Jane Jacobs, mkazi wa pale, na majirani zake waligoma, na mwaka uliofuata jiji likaachana na mpango huo. Mwaka 1969 Greenwich Village ikatangazwa eneo la kihistoria. Lakini barabara ya Bleecker, ndani ya eneo hilohilo, ilivamiwa na maduka ya nguo za kifahari katika miaka ya 2000. Pango likapanda mpaka biashara za kawaida zikashindwa. Kisha maduka ya kifahari yenyewe yakaanza kufunga, na kufikia mwaka 2017 fremu tupu zilikuwa zimetapakaa katika barabara ile. Hakuna tofali lililokuwa limebomolewa.

Ndiyo maana nasema pango ndilo tingatinga lenyewe. Mwenye nyumba akipata mpangaji mwenye matawi mia, benki inalipenda jengo lake kuliko likiwa na fundi saa, kwa sababu mkataba wa kampuni kubwa ni mrefu na una dhamana ya makao makuu. Thamani ya jengo inapanda kwenye karatasi. Mwenye nyumba wa jirani anaona, naye anapandisha. Kampuni kubwa inaweza kubeba hasara ya tawi moja kwa miaka kadhaa ili tu jina lake lionekane mahali pazuri, lakini mtu mwenye duka moja hana tawi jingine la kumfidia. Anafunga, na fremu yake inachukuliwa na kampuni nyingine ya aina ileile. Ushindani halali hauendi hivi. Upande mmoja unalipia tangazo, upande mwingine unalipia chakula cha watoto wake.

Na fremu zenyewe zina umuhimu ambao maofisa hawataki kuuona. Fremu nyembamba ni kinga. Inampa nafasi mtu mwenye mtaji mdogo, kwa sababu hawezi kulipia eneo kubwa hata akitaka. Ukivunja kuta za kati na kutengeneza ukumbi mmoja, umeshaamua kwamba hakuna mfanyabiashara mdogo atakayerudi pale milele, hata hiyo kampuni ikiondoka kesho. Kwenye ripoti ya mradi, kuvunja kuta hizo kumeitwa "marekebisho ya ndani", kana kwamba ni kuhamisha kabati.

Kuna suala la mizigo pia. Maduka madogo huletewa bidhaa kwa mkokoteni, pikipiki au gari dogo. Duka la matawi linaletewa na lori kutoka ghala kuu. Vichochoro vyetu havikujengwa kwa malori. Watoto wanacheza humo, wazee wanakaa vibarazani, na misingi ya nyumba haina kina cha kustahimili mtetemo huo. Niliuliza lori litapita wapi na litageuzia wapi. Sikujibiwa.

Nije kwenye kile walichokiita kikao cha kuwashirikisha wakazi. Tangazo lilibandikwa kwa maandishi madogo mahali ambapo mtu hasomi. Kikao kikawekwa saa za kazi. Tulipofika tukaoneshwa picha za kompyuta: barabara safi, miti ambayo leo haipo, watu warefu wenye mifuko ya manunuzi. Hakukuwa na uso hata mmoja wa mtu anayeishi pale. Mama mmoja mzee, aliyezaliwa ndani ya moja ya nyumba hizo, aliuliza atahamia wapi. Msemaji wa kampuni akamwambia swali hilo liko nje ya mada ya siku. Maofisa wa mipango miji waliokaa pembeni yake wakanyamaza. Mimi sitausahau ukimya ule, na ndio ulionifanya niandike.

Kisha likaja lile neno tunalotupiwa kila tukifungua mdomo: kwamba tunapinga maendeleo. Nani amepinga maendeleo? Tunataka mifereji inayotoa maji. Tunataka nyaya za umeme zilizofungwa vizuri, choo cha umma kinachofanya kazi, mikopo ya kukarabati paa kwa watu wanaoishi chini ya mapaa hayo. Tumeyaomba haya miaka nenda miaka rudi. Jibu limekuwa kwamba hakuna fungu. Sasa ghafla, kwa ajili ya ukumbi mmoja wa biashara, njia ya maji machafu inaweza kupanuliwa na taa zinaweza kuwekwa. Kwa hiyo uwezo ulikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kutuona sisi kuwa sababu ya kutosha.

Wanasema pia kutakuwa na ajira. Waseme na ajira zinazokufa. Duka la mtu mmoja lina mhasibu wake mtaani, mchora mabango wake, seremala wake, msambazaji wake, na mpwa wa mwenye duka anayejifunza kazi. Duka la matawi linaamuliwa kila kitu makao makuu: bango linatoka kiwandani, hesabu zinafanywa kwingine, bei inapangwa na mtu asiyejua mtaa uko wapi. Kinachobaki kwetu ni kusimama kwenye mashine ya malipo na kupanga rafu, kwa mkataba mfupi.

Kuna hila nyingine ambayo wakazi wa maeneo ya namna hii wataitambua. Mwenye jengo halikarabati kwa makusudi. Bati likitoboka analiacha. Mvua inaozesha boriti, sakafu inalegea, wapangaji wanahama wenyewe kwa hofu. Baadaye analeta mhandisi anayeandika kwamba jengo ni hatari na halifai kuokolewa. Nyumba mbili katika safu hii zimefanyiwa hivyo mbele ya macho yetu. Tuliripoti paa likiwa bado linatengenezeka. Mamlaka ina uwezo wa kumwamuru mwenye jengo akarabati, lakini haikuutumia, na leo ripoti ya ubovu ndiyo kielelezo cha kwanza kwenye maombi ya kubomoa.

Atakayeniambia hakuna njia nyingine, aiangalie San Francisco. Kule, mwaka 2006 wapiga kura walipitisha kanuni kwamba kampuni yenye maduka 11 au zaidi yanayofanana kwa alama, rangi, sare na mpangilio, ikitaka kuingia katika mitaa ya biashara ndogo, haipati kibali mpaka ipite kwenye kikao cha hadhara na kesi yake ipimwe peke yake. Wanaangalia kampuni za aina hiyo zimeshakuwa ngapi pale na kama duka linaendana na tabia ya mtaa. Mitaa ya Hayes Valley na North Beach imekwenda mbali zaidi, imezizuia kabisa kampuni hizo. Jiji lile ni tajiri, lina wafanyabiashara wakubwa, na halijafa kwa kuwa na kanuni hiyo. Kwa hiyo inawezekana kuandika sheria inayotazama matumizi ya jengo pamoja na sura yake.

Na anayedhani hadhi ya hifadhi ikishatolewa haiondoki, akumbuke Liverpool. Iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004, ikawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2012 kwa sababu ya mradi wa kuendeleza eneo la gati, ikafutwa mwaka 2021. Maonyo yalitolewa kwa miaka tisa.

Tunachodai ni hiki. Kibali kisitolewe mpaka wakazi walio na notisi wapate haki ya kurudi kwenye vyumba vyao kwa pango lililoandikwa. Kuta za kati za fremu zisivunjwe. Kila kampuni ya matawi inayotaka kuingia isikilizwe hadharani, jioni, watu wakiwa nyumbani. Na aliyeacha mapaa yaoze asizawadiwe kibali cha kubomoa.

Muda wa pingamizi bado uko wazi. Kila mkazi aandike barua yake mwenyewe, kwa maneno yake. Barua zilizonakiliwa huhesabiwa kama moja, hilo tumeshaliona. Msiandike tu kwamba mnaumia, ingawa mnaumia. Andikeni lori litapita wapi, fremu ngapi zinapotea, nani analala juu ya duka lipi, lini paa liliripotiwa na nani alipokea ripoti. Ambatanisheni picha zenye tarehe. Dai kila hoja ijibiwe kwa maandishi, na hifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu suala hili likifika mahakamani, hakimu atauliza nani alisema nini na lini.

Kama kuna mwanasheria humu aliyewahi kushika kesi ya kibali cha ujenzi katika eneo la hifadhi, au mkazi wa mtaa mwingine aliyefanikiwa kuzuia fremu zisiunganishwe, naomba aseme alianzia ofisi gani na alitumia hoja gani.