Mjadala: Mahindi ya chakula cha shule yachangwe wakati wa mavuno, na pengo lijazwe na wakulima wa kijiji hicho hicho

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo kila Januari huibua maneno makali kwenye vikao vya wazazi mikoani Dodoma na Singida, nalo ni chakula cha mchana katika shule za msingi za kutwa. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, Serikali iliondoa ada na michango ya lazima, lakini Waraka Namba 3 wa 2016 ukaeleza kwamba sare, madaftari na chakula cha wanafunzi wa kutwa ni wajibu wa mzazi. Tangu hapo tumegawanyika. Wapo wanaosema chakula ni sehemu ya elimu, hivyo Serikali ikigharamie chote. Na wapo wanaosema mzazi asiyechangia ni mzembe, hivyo mtendaji wa kijiji ambane. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishania nani atoe, na hakuna anayeuliza kinatolewa lini na kinatoka wapi.

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mavuno huja kati ya Mei na Julai. Shule hufunguliwa Januari, na ndipo kamati ya shule huitisha michango, wakati ghala la nyumbani limekwisha, mwenye kaya anahangaika na vibarua vya palizi, na debe la mahindi limefikia bei ambayo hakuna mwezi mwingine unaoifikia. Mzazi aliyeuza mahindi yake Juni kwa mlanguzi, tena kwa rumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, anatakiwa Februari ayanunue upya ili mtoto wake ale shuleni. Siuoni uzembe hapo. Ninachokiona ni mchango unaodaiwa katika mwezi ambao mkulima hana kitu.

Tupige hesabu. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Mtoto akipangiwa gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku, atahitaji takribani kilo 23 za mahindi na kilo 8 za maharage kwa mwaka mzima. Shule yenye wanafunzi 400 itahitaji kama magunia 93 ya mahindi na magunia 31 ya maharage, kila gunia kilo 100. Kwa kaya iliyovuna, kilo 23 ni zaidi kidogo ya debe moja, na mwezi Juni kaya nyingi zinaweza kulitoa bila kuugusa mfuko wa fedha. Miezi minane baadaye debe hilo hilo linakuwa sababu ya mtoto kutokwenda shule.

Napendekeza makubaliano ya maandishi kati ya serikali ya kijiji, kamati ya shule na halmashauri. Mkutano mkuu wa kijiji upange kiwango mwezi Aprili, kabla ya mavuno. Wazazi watoe nafaka Juni na Julai, ipimwe kwa mizani mbele ya watu. Kisha pengo linalobaki, pamoja na sehemu ya kaya zisizo na uwezo, lijazwe na halmashauri kwa kununua kutoka vikundi vya wakulima au chama cha ushirika cha hapo hapo, kwa bei iliyotangazwa mapema. Siyo ndoto. Brazili, kwa sheria ya mwaka 2009, iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zitumike kununua kwa wakulima wa kaya, na mkulima anayejua kwamba shule itanunua maharage yake hana sababu ya kuyauza yakiwa bado shambani.

Sharti moja kwangu halina mjadala: mtoto asinyimwe sahani kwa sababu mzazi wake anadaiwa. Zipo shule ambako wenzake wanapanga foleni na vikombe vyao huku yeye akiambiwa asubiri nyuma ya darasa mpaka wamalize. Deni ni la mtu mzima, na lidaiwe kwa mtu mzima.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri suala la majira, lakini umelipita haraka suala la haki. Mchango unaopangwa na mkutano wa kijiji na kufuatiliwa na mtendaji ni ada kwa jina jingine, hata ukitolewa kwa nafaka. Angalia Nairobi, ambako tangu 2023 mpango wa Dishi na County unamtaka mzazi alipe shilingi 5 tu za Kenya kwa mlo, na gharama iliyobaki inabebwa na kaunti na wabia wake. Kwa nini mkulima wa Kongwa au Manyoni abebe mzigo mkubwa kuliko huo? Ushirikiano wa kijiji ni jambo jema, ila nimeuona mara nyingi ukigeuka kuwa njia ya Serikali kujivua wajibu wake.

Tena, ushirikiano huo unategemea mavuno. Mvua zikikatika Februari mahindi yakiwa yanabeba, kijiji kizima kinakosa kwa pamoja, na shule inakosa pamoja nacho. Wala fedha za kununulia chakula karibu na shule si dawa peke yake: Kenya ilianza mwaka 2009 kuzipelekea shule fedha zinunue chakula karibu, na fedha zilipochelewa majiko yalizimwa.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni afisa ugani, na hofu yangu ni stoo. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara, na kilichowaua ni mahindi ya nyumbani mwao. Tukikusanya magunia 93 kutoka kwa kaya 200, kila moja ikiwa imekausha kwa namna yake, gunia moja bovu likichanganywa na mengine linahatarisha sufuria nzima. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na hakuna kamati ya shule inayoweza kuipima kwa macho.

Hata hivyo lipo linalowezekana mlangoni pa stoo. Chukua chupa ya glasi iliyokauka, tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado yana unyevu na yarudishwe juani, juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Yaliyokauka yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambamo dumuzi, mdudu anayebungua mahindi, hufa bila dawa. Kipimo hiki hakioni sumukuvu yenyewe; kinazuia tu unyevu unaoikuza ghalani. Kwa hiyo halmashauri isilete fedha peke yake, bali ilete na mtaalamu wa kuchukua sampuli kabla sufuria ya kwanza haijabandikwa.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Kwa afisa ugani sina pingamizi: sampuli ziandikwe kwenye makubaliano kama wajibu wa halmashauri, na chupa ya chumvi iwe mikononi mwa mtunza stoo.

Kwa mchangiaji wa kwanza, nakubali kwamba Serikali inapaswa kubeba zaidi, na sehemu ya mzazi ipungue kadiri halmashauri inavyoweza. Lakini tukisubiri siku Serikali itakapolipa chote, mtoto aliye darasa la pili leo atamaliza shule ya msingi akiwa bado anarudi nyumbani mchana na njaa, na mchana huo wengi hawarudi tena darasani. Kuhusu ukame, ndiyo maana kijiji hakipaswi kusimama peke yake. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula umekwisha kupeleka mahindi ya bei nafuu kwenye halmashauri zenye upungufu. Makubaliano yataje kwamba mwaka wa ukame mchango wa wazazi unasimama na mgawo wa shule unatoka huko, bila kusubiri vikao vya dharura.

Na kuhusu fedha kuchelewa, tuangalie kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, mavuno yakiwa yanamalizika na bei ikiwa chini. Fedha ya chakula cha shule ikitoka robo ya kwanza inanunua magunia mengi. Ikitoka robo ya tatu, yaani Januari hadi Machi, inanunua machache mno. Rasimu za bajeti za halmashauri hupitishwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Kwa hiyo naomba wachangiaji wanaofuata watuambie kama kwenye kata zao diwani amewahi kuulizwa fungu hilo limepangwa kutoka robo ipi, na alijibu nini.