Pampu ya mkono au ya umeme ya kukuza kifua: ipi ninunue?

Ushanga_wa_Mkomani
Assalaam alaykum. Ninaomba ushauri wa waliowahi kutumia, au walio na ujuzi wa kweli, kwa sababu muuzaji wa Mombasa anasubiri jibu langu kabla ya kupakia mzigo kwenye basi la Mokowe. Ninataka kununua pampu ya kuvuta, naye amenipa chaguo mbili. Moja ni ya mkono, yenye vikombe viwili vya plastiki na mpira wa kubonyeza. Nyingine ni ya umeme, yenye mota ndogo na viwango kadhaa vya mvuto. Bei ya ile ya umeme ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mkono. Je, inastahili bei hiyo?

Mama_wa_Watatu
Waalaykum salaam, mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama. Ikiwa unatoka nyumbani saa chache tu, ya mkono inatosha kabisa. Ikiwa unarudi kazini kutwa nzima, tafuta ya umeme inayokamua pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu mkono huchoka upesi. Maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa nne, na kwa joto letu hata hizo nne ni nyingi. Mtoto ana umri gani?

Ushanga_wa_Mkomani
Ahsante, Mama, lakini sijajifungua, wala sijaolewa bado. Naomba radhi kwa kutoeleza vizuri, niliona haya. Pampu ninayoizungumzia ni ya kukuza kifua. Harusi yangu ni baada ya Maulidi, na kila nikijaribu nguo ninaona sijai ndani yake.

Kisima_cha_Shela
Dada, umetuuliza kuhusu dawa bila kututajia ugonjwa. Una umri gani? Una maradhi yoyote, hasa kisukari au shida ya damu kuganda? Unatumia dawa gani, zikiwamo za kupanga uzazi? Umewahi kuchunguzwa uvimbe wa matiti? Utapata saa ngapi kila siku za kukaa na vikombe hivyo kifuani? Na kilicho muhimu kuliko yote, je, kati ya hizo mbili kuna iliyo na geji inayoonyesha nguvu ya mvuto? Bila majibu hayo, kila atakayekwambia «chukua hii» atakuwa anabahatisha.

Ushanga_wa_Mkomani
Nina miaka 27. Sina maradhi ninayoyajua na situmii dawa yoyote. Sijawahi kuchunguzwa. Ninalala chumba kimoja na bibi yangu, kwa hiyo saa nitakazopata ni za usiku, akishalala. Umeme tunao, ingawa hukatika. Kuhusu geji, katika picha alizonitumia muuzaji sioni geji yoyote.

Fundi_Langoni
Kwa upande wa umeme, dada, mwombe muuzaji akupigie picha ya maandishi yaliyo kwenye adapta. Stima yetu ni volti 240, na vifaa vingi vinavyoingia kwa mizigo ya mkononi vimetengenezewa nchi zenye volti 110. Adapta ya namna hiyo ukiichomeka hapa itaungua, na usiposikia harufu mapema mota nayo itaifuata. Kama imeandikwa 100–240, haina neno. Ile inayochajiwa kwa waya wa simu ni salama zaidi, maana haivuti stima ya ukutani inapokuwa mwilini. Tena, ukilala chumba kimoja na mtu mzima, fahamu kwamba hizi mota ndogo zina mlio, na usiku wa Mkomani husikika hata paka akipita darini.

Tatu_wa_Malindi
Pamoja na heshima zote, kaka, haya ni mazungumzo ya wanawake. Dada ameshasema ameona haya kuandika, na wewe unamtajia usiku wake na bibi yake.

Fundi_Langoni
Nimezungumzia volti, dada Tatu, na volti haina mwanamke wala mwanamume. Nikiambiwa niondoke nitaondoka, ila adapta ikiungua mtaniita tena.

Kisima_cha_Shela
Abaki. Katika jambo hili la adapta amesema kweli.

Chuku_na_Shifa
Mimi ninapiga hijama, yaani kuumika kwa vikombe, na naipendekeza pampu ya mkono bila kusita. Kwa mkono unahisi mvuto unavyoongezeka, na ngozi ikianza kubadilika rangi unaacha papo hapo. Mota haioni ngozi. Si lazima hata ununue seti ya muuzaji huyo, kwa sababu bastola ya hijama na vikombe vyake vikubwa vinapatikana kwa bei nafuu, navyo vina vali ya kuachia hewa. Paka mafuta ya habbat sauda kwanza, halafu uvute kidogo kidogo.

Nesi_wa_Barani
Ninamheshimu mpiga hijama kwa kazi yake, lakini katika hili sikubaliani naye hata kidogo. Yeye mwenyewe anajua kwamba kikombe cha hijama kikikaa dakika chache mgongoni huacha duara jekundu au jeusi, kwa kuwa mvuto wake ni mkali na mdomo wa kikombe ni mdogo. Alama hiyo ni ya mishipa midogo ya damu iliyopasuka chini ya ngozi. Mgongoni inavumilika, kwenye titi, ambako ngozi ni laini, sioni sababu ya kuitafuta.

Sasa nimweleze dada kinachovutwa hasa. Titi lenyewe halina msuli. Ni mafuta, tezi za maziwa na nyuzi zinazolishikilia, na msuli wa kifua uko nyuma yake. Mvuto wa muda mfupi hukusanya maji na damu karibu na ngozi, titi likaonekana limejaa, kisha baada ya saa chache likarudi lilivyokuwa. Wauzaji wengi hupiga picha zao za «baada» katika saa hizo.

Kifaa cha aina hii ninachokifahamu kuwa kilipimwa na madaktari kinaitwa Brava, kilichobuniwa na daktari wa upasuaji Roger Khouri wa Miami, Marekani. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000. Walianza wanawake 17, wakamaliza 12. Walivaa vikombe vikubwa mithili ya sidiria kwa saa 10 hadi 12 kila siku, kwa muda wa wiki 10, na mvuto wenyewe ulikuwa milimita 20 tu za zebaki (kipimo kile kile cha presha), ambao ni mdogo sana. Walipoacha, sehemu ya ukubwa ilipotea, na kilichobaki kilikuwa ongezeko la wastani wa asilimia 55 juu ya ukubwa wa mwanzo, ingawa kuna aliyebakiwa na 15 na kuna aliyefika 115. Wanawake hao ni wachache mno, aliyeongoza utafiti ndiye aliyebuni kifaa, na titi dogo likiongezeka nusu yake bado ni titi dogo. Baadaye madaktari walikitumia kuandaa kifua kabla ya kupandikiza mafuta, yaani kikawa msaidizi wa upasuaji.

Kwa hiyo, dada, swali la mkono au umeme linakuja baada ya swali la saa. Mvuto mdogo wa muda mrefu na mvuto mkali wa robo saa ni mambo mawili tofauti, na vifaa vya muuzaji wako, kwa ninavyovisoma, ni vya robo saa.

Ushanga_wa_Mkomani
Saa kumi kila siku? Mfungo Nne unakaribia kwisha, na harusi ni mwisho wa Mfungo Sita, yaani imebaki miezi miwili tu. Hata nikianza leo sitafikisha hizo wiki kumi.

Tatu_wa_Malindi
Usivunjike moyo kwa sababu ya tarakimu za Marekani. Mimi ninaitumia ya umeme na nimeridhika nayo. Unaiweka, unaendelea na kusoma au kushona, nayo inavuta na kuachia yenyewe kwa mpigo ulio sawa. Ile ya mkono nilimwachia jirani, kwa sababu huwezi kubonyeza mpira kwa mkono mmoja na kushikilia vikombe viwili kwa mwingine, labda uwe na mikono mitatu.

Kisima_cha_Shela
Kuridhika kwako ni kwa kipimo gani, dada Tatu? Ulijipima kwa utepe kabla na baada, na ulipima saa ngapi baada ya kuvua vikombe?

Tatu_wa_Malindi
Nimesema nimeridhika. Sikusema nimeandika tasnifu.

Kisima_cha_Shela
Nauliza kwa sababu ya yaliyompata wifi yangu, nami nitayaeleza kwa kirefu ili dada mwenye harusi ayajue kabla ya kutuma pesa. Wifi alinunua ya umeme kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye sitamtaja. Ilikuja bila kitabu cha maelezo, ila karatasi yenye michoro na maandishi ya Kichina. Vikombe vilikuwa vya saizi moja tu, na hakuna aliyemuuliza kifua chake kina upana gani kabla ya kumuuzia. Mdomo wa kikombe ukawa unakaa juu ya titi lenyewe badala ya kulizunguka kwa nje na kukaa penye mbavu, kwa hiyo kila mota ilipovuta, ukingo ule wa plastiki ulikuwa unakata. Viwango vya mvuto viliandikwa moja hadi tisa, na hakuna mahali palipoelezwa kwamba moja ni kiasi gani na tisa ni kiasi gani.

Siku za mwanzo aliona wekundu, akaambiwa na muuzaji kwamba ndiyo dalili ya kufanya kazi. Akaendelea. Usiku mmoja umeme ukakatika akiwa amevivaa, mota ikanyamaza, lakini mvuto haukutoka, kwa kuwa kifaa hakikuwa na vali ya kuachia hewa isipokuwa ile inayofunguliwa na mota yenyewe. Vikombe vikabaki vimeng'ang'ania. Aliogopa akavivuta kwa nguvu, gizani, na ngozi ikaja na malengelenge. Asubuhi alikuwa amevilia damu pande zote mbili, na upande wa kulia lengelenge moja lilipasuka likaingia vijidudu. Alikaa na uchungu huo kimya, kwa haya, mpaka homa ilipompanda ndipo akamwambia mama. Alitibiwa akapona, ila kovu lipo. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwamba vitu vya ndani havirudishwi.

Kama angalikuwa na ya mkono yenye kitufe cha kuachia hewa, angalibonyeza yakaisha. Ndiyo maana mimi, ikiwa ni lazima ununue, nasema ya mkono.

Nesi_wa_Barani
Pole kwa wifi yako. Kwa yeyote atakayekwama hivyo, asivute kikombe. Aingize ncha ya kidole chini ya ukingo, abonyeze ngozi polepole mpaka hewa ipite, na kitaachia chenyewe. Na wekundu unaobaki hadi siku ya pili ni jeraha, muuzaji aseme atakavyo.

Nimwongezee dada kwamba asifikirie kuazima pampu ya kukamulia maziwa, maana nimewahi kuulizwa hilo. Ile huvuta chuchu, na mvuto wake unaweza kupita milimita 200 za zebaki, yaani zaidi ya mara kumi ya ule wa Brava. Aliye mjamzito, anayenyonyesha, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, au mwenye kivimbe asichokijua, asiguse pampu yoyote ya kukuza. Kuchunguzwa kwanza si kazi kubwa. Hapo Amu unaweza kwenda hospitali ya King Fahd na kuomba uhudumiwe na mwanamke.

Mama_wa_Watatu
Mwanangu, kwa kuwa shida yako ni nguo, mbona hakuna aliyekutajia fundi cherehani? Mwambie ashonee sponji ndani ya gauni, upande wa chini na wa pembeni, asiweke katikati. Wangu wote wawili walioolewa walifanyiwa hivyo, na gauni likakaa vizuri kuliko sidiria yoyote. Pesa ya pampu itakununulia udi na bado utabakiwa.

Tatu_wa_Malindi
Na usiku ule sponji itakapobaki ndani ya gauni, Mama?

Mama_wa_Watatu
Somo wake atamfundisha ya usiku ule, nami sitayaandika hapa. Lakini mume anayemposa mwanamke wa miaka 27 ana macho, na ameshamwona.

Chuku_na_Shifa
Narudi kwenye pampu. Nesi amenihukumu kwa kikombe kidogo, ilhali mimi nimesema vikombe vikubwa. Mpiga hijama mzuri huvuta mara moja au mbili tu ikiwa ngozi ni laini. Nguvu iko mkononi mwa mtu, haiko kwenye kifaa, na bado sijasikia hoja ya kuishinda ya mkono.

Nesi_wa_Barani
Hoja ni kwamba mkono haujui milimita 20 zinafananaje, uwe wako au wangu. Brava yenyewe ilikuwa na kidhibiti kidogo cha betri cha kuushikilia mvuto usipande wala kushuka. Kama ningelazimishwa kuchagua, ningechagua ya umeme yenye geji na vali. Ikiwa haina geji, basi ya mkono yenye vali. Na ikiwa haina vali, sichagui kitu.

Ushanga_wa_Mkomani
Nimemuuliza muuzaji. Anasema ya mkono ina kitufe cha kuachia hewa, ya umeme haina, na zote mbili hazina geji. Adapta imeandikwa 100–240. Ananiambia kwamba nikitaka geji nitoe ile ya mashine ya kupimia presha niichomeke kwenye mpira. Je, inawezekana?

Fundi_Langoni
Haiwezekani. Geji ya presha hupima hewa inayosukumwa. Ukiivuta kinyume, mshale wake utagonga sifuri na kukaa hapo. Inayopima mvuto ni kama zile za mafundi wa friji, zenye rangi ya buluu, lakini hizo zimegawanywa kwa inchi za zebaki, na inchi moja ni milimita 25.4. Milimita 20 anazozitaja Nesi hazifiki hata alama ya kwanza, kwa hiyo utaona mshale umesimama na kudhani hakuna mvuto, kumbe umeshapita. Unahitaji geji ndogo ya mvuto wa chini, na hapa Langoni sijaiona dukani.

Tatu_wa_Malindi
Kuna duka la vifaa vya maabara Mombasa ambalo huenda likawa nayo. Dada, ukiuliza bei, tuandikie hapa, maana sasa hata mimi nataka kujua yangu inavuta kiasi gani.

Ushanga_wa_Mkomani
Nitauliza. Muuzaji amenipa hadi kesho alasiri, basi linapoondoka. Fundi wa gauni naye nimemtumia ujumbe, bado hajajibu.