Nyumba za mawe za Bibury zimesimama tangu 1380 bila saruji, walijengaje?

MkaziWaNala: Wakuu habari za jioni. Naangalia picha za Arlington Row, kijiji cha Bibury huko Uingereza, mawe matupu ukutani mpaka juu ya paa. Ilijengwa karibu 1380 kama ghala la sufu, karne ya 17 wakaigeuza nyumba za wafuma nguo na bado ipo imara. Sasa mimi nina kiwanja huku Nala, Dodoma, mawe yamejaa hapohapo, ila fundi kanikatalia anasema jiwe ni la msingi tu, ukuta ni tofali. Ni kweli? Maana roho yangu imependa jiwe.

Mwashi_Dom: Sio kweli mkuu. Wenzetu walitumia chokaa, wanachoma mawe ya chokaa, wanazima na maji wanachanganya na mchanga. Chokaa ni laini kuliko jiwe, nyumba ikititia kidogo ufa unapita kwenye maungio jiwe linabaki zima, na unyevu ukiingia unapata pa kutokea. Saruji ya Portland, hii ya kawaida tunayotumia, imekuja 1824, na nyumba nyingi za zamani kule zilizozibwa kwa saruji maji yamenasa ndani jiwe likaanza kumenyeka. Nyumba ya babu yangu Mpwapwa ya mawe na udongo tuliipiga lipu ya saruji, misimu miwili ya mvua tu lipu ikabanduka na mawe yake, iliniuma sana mpaka leo.

BintiKongwa: Kaka angalia na unene. Ukuta wa vile ni nusu mita au zaidi, unajengwa nyuso mbili, katikati wanashindilia vipande vidogo na chokaa, halafu kila baada ya hatua wanalaza jiwe refu la kufunga nje na ndani. Mwambie fundi asiruke hilo jiwe la kufunga, ukuta utatumbuka. Paa lao usiige, ni mawe bapa, makubwa chini madogo juu, mazito mno, wewe piga bati.

Mwashi_Dom: Na jiwe letu ni graniti, la kwao tindo inalichonga vizuri, letu linakula siku za fundi, hiyo hela iweke kwenye bajeti. Ila joto la Oktoba utalisahau, ukuta mnene unachelewa kupitisha jua kama tembe za Wagogo.

MkaziWaNala: Asanteni sana. Naanza na chumba kimoja. Chokaa ya kujengea hapa mjini naipata wapi, sio ile ya kupaka?